Mstari Niliouongeza Kwenye Leseni

Kosa langu la kwanza katika kazi hii halikuwa la waya wala la umeme. Lilikuwa mstari mmoja wa maandishi. Nilikuwa nimechukua leseni kutoka kwenye mradi wa watu wengine, leseni inayomruhusu mtu yeyote kutumia michoro, nikaibandika kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni bila kuisoma mpaka mwisho. Kisha chini yake nikaongeza maneno yangu mwenyewe: hakuna ruhusa ya kutengeneza kifaa hiki ili kukiuza, na atakayefanya hivyo atashtakiwa. Niliyaandika kwa herufi kubwa. Niliyaandika kwa sababu niliogopa. Mpaka leo mimi ni mtu wa kuogopa, na sitaki msomaji afikiri naandika haya nikiwa nimepona.

Kifaa chenyewe ni bodi ndogo ya kudhibiti joto ndani ya inkubeta, lile sanduku la kuangulia mayai ya kuku. Kwetu ni upande wa Nyamira, ambako asubuhi hata kuku hatoki nje mpaka jua lipande, na vifaranga wanaonusurika na baridi huchukuliwa na mwewe. Inkubeta zilipoanza kuuzwa madukani, akina mama wa kanisani kwetu walizitamani sana. Lakini zile zilizotoka nje ya nchi zilikuwa ghali, na zikiharibika hakuna fundi aliyethubutu kuzigusa, kwa kuwa aliyezitengeneza ameficha mchoro wake.

Sikusoma chuo chochote. Nilijifunza umeme kwa kufungua redio zilizokufa, halafu kwa video nilizotazama kwenye simu vipande vipande kwa sababu ya uchache wa bando la intaneti, na zaidi ya yote kwa michoro ya watu nisiowajua, walioiweka mtandaoni bure ili yeyote aione, aibadilishe na atengeneze chake. Wasomi huita mambo haya maunzi huria. Mimi nilichojua ni kwamba mtu fulani, mahali fulani, alichora bodi ya kupima joto akaniachia. Yangu niliijenga juu ya yake, na leseni yake ndiyo ile niliyoibandika.

Basi nilipomaliza, ilikuwa haki na mimi niiache wazi. Nikaiacha, lakini nusu nusu. Nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu mwenye mtaji pale Kisii mjini ataichukua, atengeneze nyingi, auze kwa bei ya chini, nami nibaki kwenye chumba changu cha kupanga nyuma ya duka la mshonaji bila mteja hata mmoja. Niliamini kitu pekee ninachoweza kuuza ni kile kisanduku, na kwamba yeyote anayeuza kisanduku kama changu ameniua. Hofu ya pili ilikuwa mbaya zaidi na sikumwambia mtu: kwamba anayejua kuliko mimi ataufungua mchoro wangu na kucheka. Niliuchora upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilinyoosha mistari ambayo ingefunikwa na vipuri isionekane tena na mtu. Kulikuwa na tundu moja pembeni, nililolitoboa nikidhani nitafunga king'ora, kisha king'ora nikakiacha. Tundu hilo halikudhuru chochote, lakini lilininyima raha. Nilitaka kuanza upya kwa ajili yake, na kilichonizuia ni kwamba bodi za kwanza zilikuwa zimeshakatwa.

Hilo ndilo nililohangaikia. Tundu.

Kasoro ya kweli ilijitokeza nyumbani kwa mama. Alikuwa na inkubeta yangu ya mwanzo kabisa, kwenye chumba cha pembeni ya jiko. Siku moja alirudi kutoka kuchuma chai akasikia harufu ya mbao zinazoungua. Alichomoa waya ukutani, akanipigia simu. Nilipofika nilikuta plaiwudi ya juu imekuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na mama ameketi na sahani mapajani, amemenya yai moja. Lilikuwa limeiva hadi kiini.

"Uliniahidi vifaranga," akasema, "umenipikia chakula cha mchana."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nilifungua bodi, na jambo lenyewe lilionekana mara moja. Ndani yake kuna swichi ndogo inayojiwasha na kujizima, ambayo mafundi tunaiita rilei. Joto likishuka, rilei huwasha balbu zinazopasha mayai joto. Likipanda, huzizima, na kila mara hulia "tak". Ile niliyoichagua ilikuwa ya bei rahisi. Baada ya miezi ya kuwasha na kuzima, vyuma vyake vya ndani vilikuwa vimeshikana, na balbu zikabaki zinawaka. Katika mchoro wangu hapakuwa na kitu kingine cha kukata umeme. Nilikuwa nimenyoosha mistari isiyoonekana, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja: hiki kikikwama, nini kitafuata?

Niliwapigia wote niliowauzia. Niliwaambia wachomoe, nikawazungukia mmoja mmoja nikiwafungia kikata-umeme, kidude cha mviringo kama kile kilicho chini ya birika la umeme, ambacho huzima kila kitu joto likizidi. Nikaweka sahihisho kwenye ukurasa. Nililala siku chache nikiamini nimeokoka.

Kisha nikaenda Nyamache kumfungia mteja wangu wa mwisho. Ilikuwa siku ya soko, ndizi zimepangwa mpaka barabarani. Nilipita mbele ya duka la dawa za mifugo, nikaona inkubeta juu ya kaunta, kifuniko kimefunguliwa ili watu waione ndani. Niliikaribia kwa mazoea tu. Bodi ilikuwa yangu. Ilikuwa na lile tundu pembeni, mahali palepale. Hakuna mtu anayeweza kutoboa tundu lisilo na kazi mahali palepale isipokuwa amenakili. Rilei ilikuwa ileile. Kikata-umeme hakikuwepo. Jina langu lilikuwa limefutwa, na pamoja nalo yale maonyo niliyoyaandika chini yake: usifunike, usiweke karibu na nguo, usiache bila mtu.

Nilimuuliza mwenye duka ameitoa wapi. Alinitazama kuanzia viatu.

"Unauliza kama mnunuzi ama kama kanjo?"

Nilimwambia mimi si askari wa kaunti, mimi ndiye niliyechora kile kifaa na kina hitilafu inayoweza kuchoma nyumba. Nadhani sauti yangu ilimwonyesha kwamba sikuwa nafanya mzaha, kwa sababu aliuchomoa waya kabla hajaendelea kubishana. Alisema anazipata kwa fundi wa simu pale Nyakoe, jamaa wa kutoka upande wa ziwa, karibu na kinu cha kusagia mahindi. Ile ilikuwa ya mwisho. Nyingine zilishanunuliwa. Nilimuuliza zimeenda kwa nani, akanyanyua mabega. Watu.

Nitasema ukweli hapa ingawa unaniaibisha. Nilipotoka dukani, kilichoanza kunichoma ni wivu. Nilitembea kipande kizima cha soko nikifikiria jinsi mtu alivyoniibia, na jinsi ambavyo sasa nina ushahidi. Nilipofika kwenye stendi na kumwona mama mmoja amefunika kikapu cha mayai kwa leso ndipo nilipoona kwa macho ya akili kitanda, watoto, na sanduku langu limefunikwa hivyohivyo. Niliketi juu ya jiwe.

Nilifika Nyakoe kesho yake, Ijumaa, baada ya saa sita. Kibanda nilikiona kwa mbali kwa wingi wa televisheni zilizovunjika. Fundi alikuwa mtu mzima wa kunizidi sana, miwani imefungwa kwa uzi. Tulisalimiana kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye hakijui Kikisii nami sijui lugha ya kwao. Nilimwambia mimi ni nani. Uso wake ulijifunga.

Alisema hajawahi kutengeneza inkubeta. Nyuma yake kulikuwa na vumbi la plaiwudi hadi kwenye manyoya ya mbwa aliyelala pale.

Nilimwambia sikuja kwa ajili ya pesa. Akasema watu wote wasiokuja kwa ajili ya pesa huja na wakili. Nikamwambia sina wakili, hata nauli ya kurudi nimekopa. Hapo akaweka bisibisi mezani.

"Wewe ndiye wa herufi kubwa," akasema.

"Ndiyo."

"Ule mstari wako nimeusoma kuliko nilivyosoma Biblia. Kila nikipiga solda kuunganisha bodi nauona. Mke wangu aliniambia, baba, huyu atakufunga. Ndiyo nikafuta jina lako. Nikafuta kila kitu kilichokuwa karibu na jina lako."

Nilimweleza kuhusu rilei. Nilimweleza polepole, kuhusu mama, kuhusu plaiwudi. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza nilidhani ananitafutia uongo mwingine. Badala yake akasema kwamba anajua. Miezi iliyopita mteja mmoja alimrudishia sanduku limeungua upande mmoja. Alimpa mtu yule lingine, na lile la kuungua akalichoma kabisa nyuma ya nyumba, lisionekane.

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia. Namba yangu ilikuwa palepale kwenye ukurasa.

"Nikupigie nikwambie nini, fundi? Kwamba nimekuibia, na sasa nilichokuibia kinaungua?"

Nilihesabu nyuma kichwani. Sanduku lake liliungua kabla ya lile la mama. Kama angenipigia, ningejua mapema, na ningewaambia wote mapema. Mstari wangu haukumzuia kutengeneza wala kuuza. Ulimzuia kitu kimoja tu, kuniambia. Mwizi wa kweli mwenye mtaji, yule niliyemwogopa, asingeujali hata kidogo. Mimi sikuwa na uwezo wa kumshtaki hata jirani. Uliweza kumtisha mtu mmoja tu katika dunia nzima, na mtu huyo alikuwa mwoga kama mimi.

Nilitoa simu nikafungua ile leseni. Nilitaka kuufuta mstari mbele ya macho yake. Lakini akasema tuisome kwanza yote, asije akadanganywa, na hivyo nikaisoma kuanzia juu hadi chini kwa mara ya kwanza tangu niibandike. Ilikuwa Kiingereza cha mawakili, kizito. Tulikwenda neno kwa neno, yeye ameinama begani kwangu. Katikati nikakuta sharti ambalo mtu yeyote mwenye subira angelikuta: atakayejenga juu ya michoro hii lazima aiache yake wazi kwa masharti yaleyale, bila kuongeza kizuizi chochote juu yake. Ruhusa ya kuuza ilikuwa imetajwa pale, wazi kabisa. Yule mtu wa mbali aliyenipa bodi yake alikuwa ameniruhusu mimi na kila atakayenifuata. Mimi ndiye niliyefunga mlango usio wangu.

Nilihisi masikio yananiwaka moto. Nilimtafsiria.

Fundi alivua miwani akaifuta kwa shati. "Kwa hivyo wezi tuko wawili," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Wewe ni mwizi aliyesoma."

"Sijasoma."

"Basi ni afadhali."

Niliufuta mstari. Akaniomba niandike mahali pake kwa Kiswahili, ili aelewe bila mkalimani. Niliandika kwamba yeyote aruhusiwe kutengeneza na kuuza, mradi aache wazi alichobadilisha, na kwamba namwomba, si kumlazimisha, asiondoe sehemu za usalama. Aliyasoma mara mbili, akauliza kama naweza kuurudisha ule mstari wa zamani nikishaondoka. Nikamwambia aliyechukua michoro leo kwa masharti haya, hakuna anayeweza kumnyang'anya kesho. Hilo nalo nilikuwa nimelijua dakika chache tu zilizopita.

Ndipo akatoa simu yake. Wateja wake aliwakumbuka wote, hata wa lile duka la Nyamache, waliokuwa wamempigia awaelekeze jinsi ya kuwasha sanduku, kwa kuwa mtu anayefanya kazi kwa hofu hakumbuki kitu kingine. Aliwapigia, na wengine walipodhani ni mbinu ya kuwauzia kitu kingine, alinipa simu nikawasemesha Kikisii, nikisema wazi kwamba kosa ni langu. Mmoja alinitukana. Mwingine alishukuru hadi akaniombea palepale. Kila aliyesema "nimechomoa", nilipumua kidogo. Jua lilipokaribia kuzama na Sabato kuingia, tulikuwa tumewapata wote isipokuwa mama mmoja, mchuma chai wa karibu na kiwanda, Itumbe. Kila tukipiga, yule mwanamke wa kwenye mashine alituambia mteja hapatikani.

Nilirudi nyumbani kwa mama. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo Ijumaa jioni viatu vimeshang'arishwa na chakula cha kesho kimeshapikwa, na Jumamosi hakuna anayegusa kazi. Siku hiyo pia ndiyo siku ambayo nyumba zetu nyingi hubaki zimefungwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, watu wote wako kanisani, na inkubeta haichomolewi kwa sababu mayai hayajui Sabato. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza ya kuchora. Sikuwahi kuliweka kwenye hesabu.

Asubuhi mama alinikuta mlangoni nimevaa viatu vya kazi. Niliogopa atakachosema kuliko nilivyoogopa barabara. Nilimweleza. Alitazama viatu, akatazama mkoba wangu wa vifaa, akaenda kunifungia viazi vitamu kwenye karatasi.

"Nenda kwanza," akasema. "Utaomba ukirudi."

Fundi alinipitia kwa pikipiki yake. Barabara ilikuwa imelowa, na kila tulipopanda kilima niliona moshi mahali. Ulikuwa moshi wa majiko ya watu, lakini kila mmoja uliukamata moyo wangu. Pale Itumbe tuliulizauliza hadi tukaonyeshwa nyumba, ya mabati, katikati ya chai. Ilikuwa na kufuli. Jirani alisema mwenyewe yuko kanisani na wajukuu.

Niliweka sikio ukutani. Rilei nzima hulia. Haichukui muda mrefu kabla hujaisikia ile "tak", kisha kimya, kisha "tak" tena. Nilisubiri. Nilisikia kuku nje, nilisikia damu yangu mwenyewe masikioni. Nilibadilisha sikio. Hakikulia kitu. Lakini kwenye ufa wa dirisha kulikuwa na mwanga wa njano wa balbu, na mwanga huo haukuzimika.

Fundi alisema tuvunje kufuli. Alikuwa ameshashika nyundo. Vijana wawili waliokuwa wakipita wakasimama, na mmoja akauliza kwa sauti ya juu ni wageni gani hawa wanaovunja nyumba ya watu siku ya Sabato. Nikaona wa tatu anakuja. Fundi alishusha nyundo taratibu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huko kwao akionekana hivi angejieleza, hapa hatapewa nafasi. Mimi ndiye mwenye lugha. Akasema atabaki pale na wale vijana kama dhamana, niende kanisani nimwite mwenye nyumba.

Nilipanda mbio kilima ambacho jirani alinionyesha. Kanisa lilikuwa limejaa, mhubiri yuko katikati ya neno lake. Mzee wa mlangoni alinizuia kwa mkono, nikamnong'oneza. Jina la yule mama silijui, nikamwambia, najua tu amenunua inkubeta. Aliwaza kidogo, akanishika kiwiko, akanipeleka mbele.

Sijawahi kusimama mbele ya watu nikiwa sijajiandaa. Mimi ni mtu wa kuandika ujumbe wa simu mara nne kabla ya kuutuma. Mbele ya watu wale nilikuwa na matope hadi magotini, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Nilisema kwa Kikisii kwamba kuna mama hapa ana sanduku la kuangulia mayai. Nilisema mimi ndiye niliyelichora. Nikasema:

"Nilikosea. Linaweza kuwaka moto. Tafadhali, kama ni wewe, simama."

Halafu mwanamke wa makamo kwenye benchi za nyuma, na mtoto amelala begani, akasimama.

"Nyumba yangu inaungua?"

"Sijui, mama."

Alimkabidhi mtoto kwa aliye karibu, akatoka mbele yangu. Nusu ya kanisa ilitufuata. Nilishindwa kwenda naye sambamba.

Alipofungua mlango joto lilitupiga usoni. Sanduku lilikuwa juu ya kiti, kando ya kitanda ambacho mto wake ulikuwa na michoro ya watoto. Juu ya sanduku alikuwa ametandika blanketi, limekunjwa mara mbili. Fundi alikuwa wa kwanza kuufikia waya. Balbu zilizima. Nililivuta lile blanketi. Upande uliogusana na plaiwudi ulikuwa umekauka na kuwa wa kahawia, na ulivunjikavunjika vidoleni mwangu.

Fundi alifungua bodi, akaigonga rilei kwa mpini wa bisibisi. Ikaachia. Ikalia "tak". Watu walioona walirudi nyuma kana kwamba ni nyoka.

Mama yule alichukua yai moja, akalishika, akalirudisha. Yalikuwa yamebakisha siku chache tu kuanguliwa. Kisha akaokota blanketi, akapitisha kiganja pale palipoungua, na akasema wajukuu hulala hapo ubavuni kwa sababu pana joto.

"Nililifunika usiku wa baridi," akasema. "Niliona mayai yatapoa. Mbona hakuna mahali paliandikwa kwamba lisifunikwe?"

Fundi aliinamisha kichwa. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nikikifikiri. Paliandikwa. Yeye alipafuta pamoja na jina langu, na jina langu alilifuta kwa sababu ya mstari wangu. Angeweza kunyamaza, na mimi pia. Tulianza kusema kwa pamoja, tukakatizana, na mwishowe nikamweleza yule mama yote, kuanzia herufi kubwa. Sidhani aliielewa leseni. Alielewa kwamba wanaume wawili waliogopana, na yeye akawa katikati.

Alituuliza nani atamlipa mayai yake. Tulisema "mimi" kwa pamoja. Hapo wale vijana wa nje wakaangua kicheko, na hata yeye midomo ilimcheza kidogo, ingawa hakutusamehe siku hiyo. Alitusamehe baadaye, tulipomletea sanduku jipya na mayai, na hata siku hiyo alilikagua kwanza kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada.

Sasa mambo yako hivi. Mchoro uko wazi na yeyote anaweza kuutengeneza na kuuza. Fundi wa Nyakoe anauza masanduku mengi kuliko mimi. Nilichokibakiza kuwa changu ni jina tu: haliwekwi kwenye sanduku mpaka mmoja kati yetu wawili alipime kwa siku kadhaa na kulipitisha, na kazi hiyo ya kupima, pamoja na kutengeneza yaliyoharibika na kufundisha mafundi wengine, ndiyo inayolipa kodi ya chumba changu. Maonyo yamechongwa kwenye mbao kwa Kiswahili na Kikisii, hayafutiki kwa kitambaa. Bado naogopa. Simu ikilia siku ya Ijumaa jioni nafikiria moto kabla ya kitu kingine. Lakini siku hizi watu wakiona hitilafu wananipigia, na mimi napokea.